Diski ya Mwalimu wa Viziwi

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwa shangazi, nikafagia, kisha nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni kufanya mazoezi. Shangazi ni fundi wa kompyuta. Duka lake ni chumba kimoja chenye meza mbili, feni inayolalamika na rafu ya mashine zilizofunguliwa matumbo. Mimi aliniita Fundi Nusu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kichwa kikubwa, kwa hiyo nusu hiyo niliihesabu kuwa sifa.

Mazoezi yangu niliyafanya ndani ya kompyuta pepe. Hiyo ni kompyuta ya kuigiza inayofunguka ndani ya kompyuta ya kweli, dirisha moja tu kwenye skrini, na diski yake ni faili la kawaida. Shangazi alinifundisha kuharibu vitu humo makusudi, kisha kuvitengeneza. Nikishindwa, nilibonyeza kitufe cha kurudisha, na kila kitu kikawa kama hakijaguswa. Nilikibonyeza mara nyingi mno, hata nikasahau kwamba kuna vitu visivyorudi.

Jumatatu moja alikuja mwalimu wa viziwi, mama mpole anayezungumza huku mikono yake ikizungumza pia. Alileta diski iliyofungwa kwenye kitambaa. Alitueleza kuwa ndani yake mna video za miaka minane, na nyingi ni za fundi cherehani mmoja mzee, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyejua ishara za zamani ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Mzee huyo alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mwalimu alitaka kuwafundisha watoto ishara zake, na sasa diski ilikuwa inafunguka kwa shida.

Shangazi aliiunganisha diski mara moja, akayaona majina ya video, akaisikiliza ikizunguka, akakunja uso. Alisema haitaguswa mpaka Ijumaa, atakapopata diski tupu ya kunakilia. Hiyo ndiyo kanuni ya duka: nakala kwanza, na matengenezo yote yafanyike kwenye nakala. Akaifungia kwenye droo ya chini, akaweka ufunguo mahali pake pa siku zote, na alipomaliza alinitazama mimi.

Mwalimu alipita Jumanne kuuliza, akapita na Jumatano. Hakusumbua mtu. Alisimama mlangoni, akaambiwa bado, akashukuru na kwenda zake. Roho iliniuma. Na niseme kweli, haikuwa huruma peke yake; nilitamani pia niitwe fundi mzima.

Alhamisi shangazi alikwenda kutengeneza printa ya zahanati. Nikaitoa diski, nikaiunganisha kwa kebo. Nilijiambia kuwa mimi si mjinga wa kuendesha programu ya kurekebisha diski kwenye kompyuta ya duka. Nitaiendesha kupitia kompyuta pepe, ambako hakuna kinachoharibika. Kwenye mipangilio nikachagua diski yenyewe badala ya faili. Onyo likatokea kwamba mabadiliko yote yataandikwa kwenye diski halisi. Maonyo nilikuwa nimeyazoea. Nikabonyeza ndiyo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mistari ilishuka kwenye skrini ikisema imerekebishwa, imerekebishwa, nami nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mwalimu. Kisha majina ya video yakaanza kutoweka, na mahali pake pakabaki namba tupu. Diski ikaanza kugonga, ti, ti, ti. Nikasimamisha programu, nikabonyeza kitufe changu cha kurudisha. Kompyuta pepe ikarudi ilivyokuwa asubuhi, safi kabisa. Diski haikurudi. Nikabonyeza tena na tena, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nikairudisha kwenye droo, nikaikunjia kitambaa chake vilevile. Diski ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo, nani angejua?

Ijumaa nilipotoka shule nilimkuta shangazi ameshatengeneza nakala, ameshika tama mbele ya skrini. Alisema haelewi, maana Jumatatu majina yote alikuwa ameyaona. Huenda ugonjwa ni mwingine, akasema, itabidi aanze kuutafuta upya. Niliona anavyojilaumu, nikamsogelea.

"Shangazi, ni mimi," nikasema.

Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alitaka kujua programu gani, niliendesha kwa muda gani, nilisimamisha wapi. Nilimweleza yote, na yeye akaandika. Alisema afadhali nimesema, la sivyo angetafuta ugonjwa usiokuwepo. Kwa siku tatu alikusanya vipande vya video kutoka kwenye ile nakala, kimoja kimoja. Kati ya video mia nne na kumi na mbili, zilifunguka thelathini na moja. Za yule mzee zilikuwa mbili. Katika moja alikuwa amekaa tu, amelala kwenye kiti. Katika nyingine uso wake ulionekana ukicheka, lakini kuanzia kifuani kushuka picha ilikuwa viraka vya kijivu. Mikono haikuwepo.

Shangazi aliniambia habari hiyo nitaipeleka mwenyewe. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama mara mbili ile video ya mzee akicheka.

"Sikuzikariri ishara zake," akasema taratibu. "Nilijua ziko kwenye diski."

Nililia, wala machozi hayakusaidia kitu. Shangazi aliniweka mkono begani.

"Mashine ilikuwa ya kuigiza, mwanangu, lakini diski ilikuwa ya mtu," akasema. "Cha mtu hakifanyiwi mazoezi. Kusema kweli kumetuokolea hizi thelathini na moja. Zilizobaki hata kweli haiwezi kuzirudisha. Ndiyo maana tunangoja nakala."

Kabla ya kuondoka, mwalimu alinyanyua mikono. Alibana vidole viwili kama vimeshika uzi, akavisogeza polepole hadi kwenye tundu la sindano isiyokuwepo. Alisema hiyo ndiyo ishara ya mzee ya "subiri," nayo anaikumbuka kwa sababu mzee alimfanyia kila siku.

Naijua mpaka leo. Zile nyingine hakuna tena wa kumuuliza.