Pumzi za Ndizi

Jumatatu, saa moja asubuhi, mwili wa Muindi, kijana mfanyakazi, ulikutwa mbele ya chumba cha kuivishia ndizi cha ghala moja nyuma ya Adams Arcade, Nairobi. Hakuwa na jeraha. Kufikia saa nne Nzembi, mfagiaji wa ghala, alikuwa selo kwa kosa la kuua. Jumamosi walikuwa wamegombana, kwani Muindi alivunja uchumba, na ilisemekana Nzembi ndiye aliyebaki naye mwisho.

Inspekta Nyakio aliona hasira si ushahidi. Akaanza kwa Navin, mwenye ghala. Mzee huyo alimweleza kuwa ndizi iliyokatwa bado i hai: hupumua kama sisi, huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Chumba kikijazwa ndizi, kikafungwa na feni ikazimwa siku mbili, hewa yake haifai kiumbe.

Kisha akamhoji msimamizi, Zachariah. Alidai alifika saa moja, akakuta mlango umekomewa kwa nje na feni imezimwa. Taa ya ndani ilikuwa imeungua, hivyo akawasha kiberiti, akaingia hadi nyuma, akamvuta Muindi nje na kupiga simu papo hapo.

"Ni huyo msichana, madam. Mwanamke akiachwa, unajua vile huwa."

"Sijui. Sijawahi kuachwa."

Nyakio akaamuru ndizi zilezile zifungiwe tena, feni ikiwa imezimwa. Jumatano akawaita Navin na Zachariah, akafungua mlango, akampa Zachariah kiberiti. Njiti iliwaka vizuri kizingitini. Alipoupitisha mkono ndani, ilizimika. Ya pili pia.

"Ingia basi. Jumatatu uliingia."

Hakusogea.

"Moto umekataa, na wewe umekataa," Nyakio alisema. "Ulifungua mapema, ukawasha feni, ukangoja hewa isafike ndipo ukamtoa. Asiyejua kilichomo ndani angengoja nini?"

Navin akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi alimwarifu Zachariah kuwa usimamizi ungekwenda kwa Muindi.

Zachariah akaketi juu ya kreti. Alikiri kuwa Jumamosi, Nzembi alipoondoka, yeye alimtuma Muindi ndani kupanga mikungu, akakomea mlango na kuzima feni.

"Aliita?"

"Aliniita jina. Alidhani nimekomea bila kujua yumo. Nikaenda nyumbani."

Nyakio alipiga simu kituoni Nzembi aachiliwe. Akaagiza asiambiwe lolote kuhusu jinsi Muindi alivyokufa. Hilo angemwambia mwenyewe.