Karini wa Bishar

Mwezi wa Machi mjini Garissa samli haigandi. Hukaa koponi kama maji, ukiinamisha kidogo tu inamwagika. Ndiyo maana mchana ule Idman, alipofungua kopo na kijiko kikagota kwenye kitu kigumu cheupe, alisimama jikoni akakitazama. Akagusa ubavu wa kopo. Ulikuwa wa baridi, baridi ya kuuma vidole.

Ile baridi aliijua. Hazikuwa zimepita wiki nyingi tangu arudi kutoka Nepal.

"Hooyo!" alimwita mama yake. "Nani ameleta barafu humu ndani?"

Mama yake, Bi Rukiyo, hakujibu. Alikuwa katika chumba cha Bishar, amejifungia, na Idman alimsikia akizungumza kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alisema, akanyamaza, kana kwamba anasikiliza. Kisha akacheka kidogo.

Tangu habari ya msiba iingie nyumba ile, mama hakuwa amecheka.

Bishar alikuwa kaka mkubwa wa Idman. Alifanya kazi na shirika moja la misaada katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, na huko ndiko wenzake walikopanga safari ya kwenda kupanda mlima wa Himalaya ili kuchangia kisima cha wafugaji. Haukuwa ule mlima mkuu unaotangazwa dunia nzima. Ulikuwa mmoja wa ile ambayo mgeni mwenye afya huweza kuipanda akiwa na kiongozi. Bishar alikwisha kupanda Mlima Kenya mara mbili, na mara zote mbili Idman, muuguzi asiyejua kuchoka, alikuwa nyuma yake. Mama aliwaombea wote wawili dua, akawafungia nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa, akawapa ruhusa.

Kiongozi wao kule aliitwa Dawa, na Bishar alilicheka jina hilo siku nzima. "Abaayo, dada yangu, sisi hatuugui tena. Dawa tunaye!" Dawa alikuwa mtu mpole, mfupi, aliyekagua kila fundo la kamba kwa mkono wake mwenyewe. Aliwafundisha kutembea na viatu vyenye meno ya chuma, kupumua kabla ya kila hatua, kunywa maji hata bila kiu. Walifika kileleni jua likichomoza. Bishar alitazama ule weupe usio na mwisho, akalia kama mtoto.

Wakati wa kushuka walipumzika kwenye uwanda wa barafu uliolala kama sakafu ya msikiti. Bishar akataka kusujudu sijida ya shukrani. Kamba iliyomfunga kwa wenzake ilikuwa imekazwa, haikumpa nafasi ya kuinama. Akajifungua.

"Hapana, kaka, usifungue!" Dawa alipiga kelele.

Lakini Bishar alikwisha kupiga hatua pembeni na kuelekea kibla, na paji la uso wake lilipogusa theluji, theluji ikafunguka. Haikutoa kishindo. Ilivuta pumzi tu, na pale alipokuwa pakawa shimo la rangi ya buluu.

Dawa alishuka kwa kamba hadi ufa ukawa mwembamba kuliko mabega yake. Walimvuta juu mikono ikivuja damu, akitikisa kichwa. Kisha dhoruba ikaja, ikawashusha kwa nguvu. Bishar akabaki kule, hakuoshwa, hakuvikwa sanda.

Rukiyo alipoambiwa, alisimama mlangoni akawazuia majirani. "Hakuna maiti, hakuna msiba. Atakayelia nyumbani kwangu asirudi tena." Wanawake waliondoka na vilio vyao. Hata Maalim Hamse, mwalimu wa duksi ya Kurani, alipopendekeza Bishar aswaliwe akiwa ghaibu, alirudishwa njiani.

Baada ya mchana ule wa samli, baridi ilikuja kila siku baada ya swala ya adhuhuri, saa ambazo mji mzima hujilaza na mbuzi hujibana kwenye kivuli cha ukuta. Kwanza Idman alinusa harufu ya sufu iliyolowa. Kisha akasikia nyayo sakafuni: krrch, krrch, meno ya chuma yakisaga saruji, polepole, pumzi moja kati ya hatua na hatua, vilevile Dawa alivyowafundisha. Nyayo zilitoka uani, zikapita kando ya mkeka wake, zikaingia chumbani. Na mlango ukafungwa.

"Hooyo, unazungumza na nani humo?" alimuuliza mama jioni.

"Na mtu aliyechoka safari," alisema Rukiyo, akaficha mikono ndani ya shela lake.

Idman aliikamata ile mikono kwa nguvu. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngumu, kama mkaa. Alikwisha kuona vidole vya namna hiyo kambini mlimani, kwa mzungu mmoja aliyepoteza glavu. Lakini hapa watu walikuwa wakilowesha kanga maji ili wapate usingizi. Daktari aliyemwona mama kesho yake aligeuza ile mikono huku na huku. "Mama huyu anafanya kazi kwenye jokofu?" aliuliza.

Siku iliyofuata Idman hakungoja. Nyayo zilipokwisha kupita, aliusukuma ule mlango, na joto la jiko la makaa likampiga usoni, na nyuma ya lile joto ikaja baridi iliyokuwa nzito zaidi, baridi ya mahali pasipofika jua, na akamwona mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda akiwa amechomeka mikono chini ya rundo la mablanketi, akitetemeka, akitabasamu, na chini ya yale mablanketi kulikuwa na kitu chenye urefu wa mtu, kilichojikunja, kilichopumua kwa kukoroma, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kitandani hadi sakafuni tone kwa tone, na ile sauti iliyotoka mle ndani, Mungu amrehemu mwenyewe, ilikuwa sauti ya Bishar.

"Funga mlango, abaayo. Baridi inaingia."

Idman alikimbia bila viatu hadi duksi.

Maalim Hamse alimsikiliza hadi mwisho. "Kila mtu huzaliwa na karini wake," alisema kwa sauti ya chini, "jini anayemfuata hadi kufa. Huyu alipanda naye, akashuka nawe. Anaijua sauti yake, anajua alichokipenda. Sasa hana mtu, anatafuta joto."

"Mtoe, Maalim. Anammaliza mama."

"Nitasoma. Lakini mama yako akiendelea kumwita 'mwanangu', amempa idhini ya kukaa. Hapo kisomo changu kitampa maumivu tu."

Walimkuta Rukiyo amejilaza kando ya lile rundo, midomo imekuwa ya kijivu. Maalim alinyunyiza maji ya majani ya mkunazi, akaanza Ayatul Kursiy. Kitanda kikatetemeka. Barafu nyembamba ikatambaa kwenye kioo cha dirisha, na nje jua liliwaka vilevile.

"Hooyo, ananiumiza," ile sauti ililia. "Mwambie aache. Njoo tulale. Huku chini kuna nafasi yako."

"Nakuja, mwanangu," alisema Rukiyo, akafumba macho.

Idman alipiga magoti mbele yake. Hakuwa na aya wala dawa. "Hooyo, nitazame. Na mimi je? Mimi ndiye niliyerudi."

Rukiyo hakusogea.

"Nilirudi, Hooyo. Hujanitazama tangu niingie mlango ule. Ukienda huko naye, mimi nitabaki na nani?"

Rukiyo akafungua macho. Alimtazama binti yake, mashavu yaliyobabuka kwa baridi ya mlimani, shingo iliyokonda. Akachomoa mikono yake myeusi chini ya mablanketi, moja baada ya nyingine, kwa taabu, kama mtu anayejing'oa kwenye tope. Kisha akageukia kitanda.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Mwanangu alikufa akiwa amesujudu."

Pumzi ya kukoroma ikakatika.

"Hooyo," ile sauti ilisema, na sasa ilikuwa ya mtoto mdogo, Bishar wa zamani aliyeogopa radi. "Nitakwenda wapi? Nilizaliwa naye. Sijui mtu mwingine."

"Usimjibu," Maalim alinong'ona.

Machozi yalimtiririka Rukiyo. "Sijui utakwenda wapi. Lakini si kwangu. Toka, kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Mablanketi yakanywea. Nyayo zikatoka, krrch, krrch, zikavuka ukumbi na kuingia uani, ambako mbuzi waliinuka wote kwa pamoja wakaacha njia. Alama za maji zilielekea langoni, zikakauka moja moja juani. Nje ya lango hazikuwepo.

Jirani yao Fatumo alikuwa amesimama pale langoni, mkono mdomoni.

"Ingia, Fatumo," Rukiyo alimwita. "Mwanangu amekufa."

Fatumo akaingia, akaketi chini, akamkumbatia. Sauti yake ikavuka ukuta, na nyumba baada ya nyumba wanawake wakatoka kwenye usingizi wa mchana, wakaja na vilio walivyokatazwa, hadi ua ukajaa. Alasiri ile wanaume walipanga safu msikitini wakamswalia Bishar, na mbele yao palikuwa na mkeka mtupu.

Watu walipopungua, Rukiyo alikilaza kichwa cha Idman mapajani pake. Vidole vyake viwili havikuwa na hisia tena, na daktari angevikata baadaye. Kwa vile vilivyobaki alimpapasa shavu lililobabuka.

"Na wewe, mwanangu," alimuuliza, "baridi ilikuuma wapi?"

Idman alitaka kujibu. Akashindwa, akalia, na mama yake akamwacha alie.