Mkono wa Fundi Mfukoni

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Mpamba keki alisimama chini ya ngazi na keki ya ghorofa tatu mikononi, akiangalia juu huku watu wakimpita kwa kusukumana. Mara kijana mmoja, vumbi la saruji hadi kwenye kope, akasimama mbele yake.

"Dada, hiyo ni keki au nyumba?"

"Ukiidondosha utajua."

"Mimi fundi plasta bwana. Nyumba za watu sidondoshi."

Akafuta mikono kwenye shati, akaipokea, akapanda nayo taratibu bila hata ua moja la krimu kutikisika. Walipofika juu aliomba namba ya simu, na mpamba keki, anayejulikana mtaa mzima kwa maringo, akaitaja bila kuulizwa mara ya pili. Mapenzi hayo!

Tangu hapo kila Jumamosi fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, akambebea mpenzi wake keki hadi kumbini. Jioni ilikuwa simu.

"Bi Keki wangu, umekula?"

"Nimelamba krimu tu."

"Ndiyo maana sauti tamu."

"Nenda zako huko!" Lakini simu hakukata.

Kisha mambo yakaenda kombo. Fundi akawa na visingizio: leo kazi, kesho kichwa. Akija, mikono mfukoni. Siku moja mlangoni pa ukumbi wa harusi, mpamba keki, amependeza ndani ya gauni la kijani na viatu virefu, aliyumba na keki mbele ya wageni.

"Fundi, nipokee!"

Fundi akautoa mkono, kisha akaurudisha mfukoni. "Mwite mhudumu, mpenzi."

Mhudumu ndiye aliyeiwahi. Wageni wakacheka, na mpamba keki akatamani ardhi immeze.

"Unaona haya kumbebea mwanamke keki? Sema tu!"

Fundi akausukuma mkono ndani zaidi ya mfuko. Laiti angefungua mdomo!

"Basi usinipigie tena."

Naye hakupiga. Mpamba keki alikoroga mayai huku akilia, akijidai ni vitunguu, na keki haina vitunguu. Hadi dada yake fundi alipompigia.

"Wifi, mmegombana nini?"

"Mimi si wifi yako tena. Kaka yako ananionea haya."

"Haya gani! Huyo hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Kifundo cha mkono kimemvimba miezi sasa, kutwa anazungusha mwiko ukutani. Anajikausha kimya, asije msimamizi akasikia akampa kazi mwingine. Keki zako anaogopa kuzidondosha. Wifi, akiendelea hivi mkono utakwisha, na yeye hana ufundi mwingine."

Mpamba keki hakuvua hata aproni. Alimkuta fundi kwenye jengo analopiga plasta, mapumziko ya mchana, anakula kwa mkono wa kushoto.

"Toa mkono."

"Uko salama."

"Toa, nimesema!"

Akautoa. Chini ya kidole gumba palikuwa pamevimba, na alipoguswa kidogo tu akaruka. Mpamba keki alimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie fundi hana mkono? Wewe ulinipendea mkono huu."

"Nilikupendea ulimi wako, mjinga wewe. Na ndio ulioninyima."

Kwenye zahanati, mtaalamu wa viungo, mama mmoja mwenye miwani minene, alikigeuzageuza kifundo.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, baba. Utavaa bandeji hii ngumu, mkono upumzike. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Uvimbe ukipungua nitakufundisha mazoezi. Ukirudi kazini, usifanye kazi umekunja kifundo, badilisha mikono, na pumzika kabla hujaumia. Ukihisi ganzi, njoo mara moja." Akamgeukia mpamba keki. "Nawe unayekamua krimu kutwa, usicheke. Zamu yako iko njiani."

Kumwambia msimamizi ndiko kulikokuwa kugumu, lakini fundi alikwenda mwenyewe. Msimamizi akakunja uso, akampa mtu mwingine ukuta wake, yeye akaambiwa akague kuta za wenzake mpaka apone. Kulimuuma sana. Ila kazi hakufukuzwa.

Jumamosi akatokea ukumbini, shati jeupe limefungwa vifungo kombo kwa mkono mmoja. Akatangulia mbele ya keki, akifungua milango. "Pisha jamani, pisha!"

Mgeni mmoja mwenye suti akamtania, "Kaka, mwanaume mzima unamwachia mwanamke mzigo?"

Mpamba keki akamtupia jicho fundi. Alijua mkono utarudi mfukoni.

Fundi akainua juu mkono wenye bandeji, watu wote waone. "Mkono wangu unaumwa, kaka. Leo anabeba mchumba wangu."

"Mchumba wa nani?" Keki nusura iende.

"Tua keki kwanza, halafu unijibu."

Akaitua mezani.

"Ndiyo, fundi," akasema. "Lakini ukinificha tena maumivu, harusi hiyo haina keki."