Mguu Kwenye Breki

Pale gereji walimwita Mkasi, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi umeme wa magari, na hakuna kiungo cha waya cha fundi mwingine alichowahi kukiacha. Alikikata, akaunga upya, akazungusha tepu yake mwenyewe. Vipande vya zamani alivitupa kwenye debe la moto uani, plastiki iungue ibaki shaba.

Jioni moja jua lilikuwa linazama naye amelala chali uani kwake, chini ya karavani, ile nyumba ndogo ya bati inayokokotwa na gari. Mdogo wake aliinunua ikiwa kuukuu, taa za nyuma haziwaki. Alikuwa amepata kazi mbali, nyumba ya kupanga ameshairudisha, na jioni hiyo hiyo alitakiwa aondoke na mkewe na mapacha wao. Mapacha wangelala ndani ya karavani, safari nzima. Mkasi aliwaza malori ya barabara kuu, yanavyokimbia gizani, na moyo haukutulia.

"Dada, tutachelewa."

"Haraka haraka haina baraka. Kaa kwenye usukani wa gari. Nikisema kanyaga, kanyaga breki. Nikisema achia, achia. Kazi ya mtoto mdogo, ndiyo maana nimekupa wewe."

Mdogo wake akacheka, akaenda kukaa.

Nyuma ya taa ya kushoto Mkasi alikuta kiungo cha ajabu. Kilizungushiwa kitambaa chekundu, mafundo juu ya mafundo, na ndani ya mafundo kulisokotwa nywele ndefu zenye mvi.

"Fundi uchwara," alinong'ona. Akakata, akaenda kukitupa kwenye debe.

Moshi ulipanda mweusi. Haukunuka plastiki. Ulinuka nywele... na chumba kilichofungwa muda mrefu na mtu ndani. Mkasi alikunja pua, akarudi kuunga waya. Alipomaliza alipiga magoti nyuma ya karavani.

"Kanyaga."

Taa zikawaka, nyekundu, safi.

"Achia."

Zikazima.

"Kanyaga. Achia. Kanyaga tena." Kila neno lilitiiwa kabla halijaisha mdomoni. Mkasi akatabasamu. "Leo umekuwa mtiifu, wewe. Ungekuwa hivi utotoni, mama asingepata presha."

"Dada... unaongea na nani?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Mdogo wake alisimama mlangoni mwa stoo, godoro la mapacha kichwani.

Taa bado zilikuwa zinawaka.

"Nani yuko kwenye gari?" Mkasi aliuliza polepole.

"Hakuna mtu. Wifi yako aliniita nimsaidie mizigo. Nimefunga milango, funguo hizi hapa."

Mkasi alikwenda mbele akishika ubavu wa gari. Akachungulia dirishani. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kimebonyea, na pedali ya breki ilikuwa chini kabisa.

Alikimbilia plagi inayounganisha gari na karavani, akaichomoa.

Taa hazikuzima.

"Aliyekuuzia alisemaje?" alinong'ona. "Usinifiche."

Mdogo wake alitua godoro. "Ni mama mmoja mjane. Mumewe alifia kwenye usukani, wanajaribu taa hizi hizi. Mke alikuwa huku nyuma. Akamwambia kanyaga, kisha jirani akamwita, wakapiga soga. Akasahau kumwambia achia. Aliporudi, mzee ameshakufa, mguu bado uko kwenye breki."

"Na taa?"

"Alisema nisafiri mchana, taa nisiziguse. Na kuna kitambaa, nisikifungue. Nikaona ni uzee tu, dada. Sikudhani..."

Mkasi alitazama debe. Moshi ulikuwa umekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Achia," alisema kwa sauti ndogo.

Pedali ikapanda taratibu, kama mtu aliyechoka sana. Taa zikazima. Na kiti kikabaki kimebonyea, kinasubiri.

Aliogopa, na akamhurumia pia. Lakini ndani ya nyumba mapacha walikuwa wanagombania nani alale dirishani. Mguu ule ukienda nao barabarani, gizani, lori liko nyuma, nani atauambia achia? Nafsi yake ilimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

"Shuka."

Kitasa kililia. Mlango wa dereva uliofungwa kwa funguo ukafunguka wenyewe. Kiti kilichobonyea kikarudi juu, gari likainuka kidogo, na harufu ile ya chumba kilichofungwa ikapita karibu na bega lake.

Alirudisha plagi na kumkalisha mdogo wake kwenye usukani. Taa ziliwaka na kuzima kwa mguu wake, mguu wa mtu aliye hai. Hawakumwambia wifi. Mapacha walimpungia shangazi yao mpaka mlango ukafungwa, na karavani ikaenda, taa zake zikapungua, zikapotea kwenye kona.

Walifika salama. Hilo Mkasi hushukuru kila siku.

Lakini jioni ile, aliposhika komeo la geti, nyuma ya sikio lake mtu alivuta pumzi.

"Nimeshuka, mama," ilinong'ona sauti ya kizee, ya upole, ya mtu aliyezoea kuambiwa. "Sasa nifanye nini?"

Mkasi hakugeuka. Hakujibu. Alijua neno lolote litakalomtoka litatiiwa.

Mpaka leo hajajibu. Wateja wanamcheka, fundi gani huyu hasemi neno, hata kanyaga au achia, anagonga bati kwa bisibisi, mara moja kwa kuwasha na mara mbili kwa kuzima. Huwaacha wacheke. Wao hawasikii kwamba kila anapofungua mdomo kupiga mwayo, kuna mtu pembeni yake anayeacha kupumua, asikilize.