Manga Katika Sanduku la Juzuu

Kurasa zilianza kusikika wiki moja baada ya arobaini ya Zakari, saa kumi alasiri, chumbani kwake, hapa mtaani Ruashi. Ukurasa, kimya kidogo, ukurasa. Ndiyo ilikuwa saa yake ya kusoma manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani. Dada yake, Mounira, alisukuma mlango akakuta kitanda kitupu na harufu ya udongo mbichi, ule wa shimo lililomfunika Zakari alikokwenda kuchimba madini.

Mama yao, Feza, hakuogopa hata chembe. Kila alasiri alipeleka chai mlangoni, akaketi kusikiliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nani angemnyima?

Zakari na Mounira walikuwa na ukurasa wao wa Facebook wa kuhakiki manga. Zakari alifariki kabla ya kuweka uhakiki wa mfululizo mmoja wa ajabu, tome tisa nzima, yaani vitabu tisa: mjane anamsomea hadithi marehemu mumewe, na maadamu hajafika mwisho, maiti haondoki nyumbani. Basi mwanamke anasoma polepole, huku watoto wake wakisahau kucheka. Mounira alitaka kuumalizia uhakiki huo. Tome ya tisa aliitafuta nyumba nzima, akaikuta ndani ya sanduku la juzuu, na katikati yake karatasi ya uhakiki wenyewe, kwa mwandiko wa Zakari.

Iliingiaje humo? Siku ya khitima ya arobaini, wasomaji waligawiwa juzuu thelathini, kila mtu yake, ili Kurani imalizwe kwa kikao kimoja. Feza, asiyejua kusoma, alihesabu ishirini na tisa. Akaona chumbani kwa mwanawe kijitabu kilichovikwa karatasi ya kaki, kinafunguka kutoka kulia kama juzuu, akakitia sandukuni. Kikamwangukia mzee aliyesahau miwani. Aliona weusi tu, akaona haya kusema, akarudia Fatiha mpaka wenzake walipomaliza. Juzuu iliyopungua, ile ya Tabaraka, ilikuwa imeanguka chini ya kabati.

Mounira alimwendea mwalimu Aruna msikitini. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akapunguza sauti.

"Ile haiko Zakari, mwanangu. Ni jini yenye ilizaliwa naye. Inajua saa zake, inajua sauti yake. Soma ile juzuu yenye ilibakia, na usisimame."

Sauti? Mpaka hapo Mounira alikuwa amesikia kurasa tu. Alirudi nyumbani, akaitoa Tabaraka chini ya kabati.

Saa kumi alikaa kitandani kwa marehemu, akafungua Tabaraka. Aya za kwanza zilipita salama, kisha kurasa zisizoonekana zikaanza kugeuka upesi kando yake, zikawa nyingi, na harufu ya udongo ikapanda mpaka ikamjaa kooni, na godoro likabonyea taratibu kana kwamba mtu ameketi hapo alipozoea kuketi, bega kwa bega naye, na sauti aliyoililia siku zote zile ikamjia sikioni, ikimwita dada mkubwa kama zamani.

"Yaya, usimalize. Kule iko giza. Soma polepole, nibakie na mama."

Feza alikuwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Mounira, acha. Muache mutoto wangu."

Moyo ulimkatika Mounira vipande. Alitaka kuacha, wallahi alitaka. Ndipo ikamjia ile karatasi, mstari wake wa mwisho: "Huyu mwanamke anaogopa tu kubaki peke yake. Mimi ningekuwa ule maiti, ningemwambia: maliza, nipumzike." Huyo ndiye aliyekuwa ndugu yake.

Akaendelea kusoma. Sauti ilimwita kwa jina la utotoni, ikalia, ikawa ndogo, na alipofika mwisho ikakatika katikati ya neno. Harufu nayo ikaisha.

Kesho yake aliuweka uhakiki kama ulivyo, kwa jina la Zakari. Ilipofika saa kumi, Feza alipeleka chai, akaketi mlangoni, akasikiliza mpaka ikapoa.

"Alikuwa anasoma tu," akasema. "Hakusumbua muntu."

Mounira aliketi chini kando ya mama yake. Akakichukua kikombe, akainywa ile chai baridi yote.