Aliyemshikia Nafasi Mama Rachelle

Vumbi la mpunga halimbagui mtu. Pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Kamaldine, mjini Kasongo, lilikaa kwenye kope za wanawake, kwenye mabati, kwenye madirisha, hata ndani ya chai lilikutangulia. Ndiyo maana Falonne, asubuhi aliyorudi kazini, alisimama mlangoni akashangaa. Ungo wake ulikuwa safi. Ulikuwa chini, mahali pake pa siku zote kando ya nguzo, umetazama juu, na hakukuwa na hata chembe moja ndani. Akauinamia polepole, mkono mmoja kiunoni, akaugusa. Ulikuwa na joto, kama vile kuna mtu aliyeuweka chini sasa hivi.

"Mama Rachelle! Karibu kazini, dada yangu!" Ernestine, mpepetaji mwenzake, alimkumbatia, akaukumbuka mgongo, akamwachia haraka. "Unaona? Nafasi yako tulikulindia."

Kule nyumbani jina lake Falonne lilikuwa limeshasahaulika kidogo. Mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na yeye alikuwa Mama Rachelle kwa kila mtu. Kazi yake ilikuwa kupepeta mchele unaotoka kwenye mashine, na aliijua vizuri, mpaka siku gunia la mpunga lilipoteleza juu ya lundo likamwangukia mgongoni. Msimu mzima wa mvua alilala. Mgongo ulipopoa kidogo, moyo nao ukaugua. Alikuwa anaamka amechoka, anatazama mabati, hata kuoga anakuona ni mlima. Mtu akipiga hodi, moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka, bila sababu, na machozi yanakuja bila kuitwa.

Na watu mnawajua. Ugonjwa usiotoa damu hawauamini. "Uvivu," walisema. Wenye huruma wakasema, "Iko na mawazo mingi." Gédéon, mume wake, hakusema uvivu; alisema kibaya zaidi.

"Mavuno hii ikipita na hauna kazi, nitakurudisha kwenu Wamaza. Mutoto atabaki kwangu."

Rachelle alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na mama yake hakuweza kumbeba. Kila jioni alikuja mbio amefungua mikono, na kila jioni Falonne aliinua kiganja: "Polepole, mwanangu. Mugongo." Mtoto akajifunza kusimama mbali. Kwa hiyo msidhani mwanamke huyu alirudi kwa ajili ya mchele. Alirudi ili asinyang'anywe mtoto wake.

Basi akaketi. Na jamani, hakukalia mkeka. Alikalia mapaja.

Yalikuwa mapaja ya mtu, membamba, magumu, yamefunikwa na kitambaa kibichi. Aliyahisi magoti mawili yakimpokea huku na huku. Kisogoni mwake ikaja pumzi, na harufu ya makapi yaliyolowa yakaungua. Akafungua mdomo apige kelele, na kabla sauti haijatoka, maumivu yakaondoka. Yote! Tangu siku ya gunia hakuwa amepata hata dakika moja bila maumivu, na sasa mgongo ulikuwa kimya na moyo umetulia. Wewe unayenisikiliza, ungesimama? Usinidanganye. Hata Falonne hakusimama.

Mikono yake ikashika ungo, au ungo ukaishika. Mchele ukapaa ukashuka, makapi yakatoka pembeni, na Soraya, yule binti mwenye utani mwingi kuliko kazi, akaacha kupepeta akamtazama. Kamaldine mwenyewe alikuja kusimama mbele yake.

"Mama Rachelle, umerudi na nguvu ya watu wawili!" akasema, akicheka.

Aliposimama saa ya kwenda nyumbani, maumivu yalimrudia yakiwa yamezaa. Alitembea ameshika kuta za watu. Kesho yake yakazidi, na keshokutwa yakazidi tena, hata ikawa nyumbani anatambaa na kazini anaruka. Lakini asubuhi ndiye wa kwanza mlangoni kwa Kamaldine, kwa sababu ndani ya mlango ule kulikuwa na mapaja yale. Aliyachukia, na aliyatamani.

Jumapili moja hakwenda popote. Alilala kitandani kutwa, uso ukutani. Jioni Rachelle aliingia na makapi kwenye nywele.

"Mama, leo ulinibeba," akasema, amefurahi.

"Mimi? Wapi?"

"Mugongoni. Tulienda kwa mashini, tukacheza. Haukusema polepole."

Falonne alimvuta mtoto, akamnusa shingo, na harufu ikawa ileile ya makapi mabichi yaliyoungua.

Siku iliyofuata hakuketi. Alimshika Ernestine mkono akampeleka nyuma ya mashine, penye lundo la makapi. Lundo lile halikuwahi kuzimika. Makapi ya mpunga hayawaki, yanafuka tu ndani kwa ndani mwezi hata mwezi.

"Ernestine. Wakati nilikuwa mugonjwa, mulifanya nini na nafasi yangu?"

"Usiseme kwa nguvu," Ernestine alinong'ona.

"Mulifanya nini?"

Tunajua sote, hata wewe unajua: ungo wa mgonjwa hufunikwa kifudifudi, na mahali pake hapasalimiwi mpaka arudi kwa miguu yake. Ernestine naye alijua. Lakini aliogopa.

"Niliogopa patron Kamaldine atatia mutu mwingine. Nikaacha ungo wazi. Kila asubuhi tunasalimia, 'Mama Rachelle, jambo!' Soraya anaitika na kasauti kake, 'Jambo, mwenzangu!' Tunacheka. Patron naye anacheka, hakuna mutu anakaa pale. Halafu siku moja nilifika peke yangu. Soraya hajakuja. Nikasalimia kwa mazoea tu. Na jambo ikaitikiwa."

"Na ukanyamaza?"

"Dada, ile kitu ilikuwa inapepeta muzuri. Na haikuwa inalia."

Kuna maneno ambayo mtu akishayatoa hayarudi. Falonne aliyasikia akayaweka moyoni, kwa kuwa wakati ule alikuwa anamhitaji Ernestine. Na Ernestine, nimpe haki yake, alituma pikipiki Kabambare kumleta Mwalimu Bakari, mtu anayesifika kwa kufukuza majini. Mwalimu alifika na tope mpaka masikioni. Alipopelekwa kwenye nguzo hakukaribia. Alisimama mbali, akauliza walimwita kwa jina gani. Walipomwambia, akashika kichwa.

"Eh, nyinyi wamama! Mungelimuita Falonne, angechukua mukeka tu. Muliita Mama Rachelle. Mutu ukimuita mama ya mutoto, umemupa mutoto. Sasa anakuja kuchukua yake."

Akawapangia. Mchana, mashine ikiwa imezimwa, watu wote wa pale wawepo, na mtoto awepo, kwa kuwa jina ni lake. Yeye Mwalimu angesimama mlangoni akisoma dua kitabuni, mgongo ameugeuzia chumba, maana mfukuzaji akimwona jini uso kwa uso, jini humfuata nyumbani. Falonne na jini wangetengana. Wangefanana kama maharage. Aliyeita, yaani Ernestine, ndiye angefukuza, na hakuna mwingine awezaye.

"Nitajua namna gani?" aliuliza Ernestine.

"Bonyeza mugongo. Jini haina maumivu. Mwenye kulia ni mutu. Ule mwingine umwambie kwa jina: Mama Rachelle, toka. Ungo unaufunika, unauzika kwenye makapi. Basi."

Wakaja. Gédéon alikuja amembeba mtoto, uso umekunjamana kwa aibu ya kuitwa kwenye mambo kama haya. Kamaldine alisimama karibu na magunia ya mavuno, yaliyokuwa yamejaa mpaka dirishani yakingoja mikono. Mwalimu akageuka akatazama barabara, akaanza kusoma.

Mwanzoni palikuwa na vumbi tu, lile vumbi la kila siku lililokuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha, kisha vumbi likaanza kwenda mahali pamoja, kando ya nguzo, polepole, kama linapepetwa na mtu asiyeonekana, na harufu ya kuungua ikajaa chumba hata Soraya akaziba pua kwa kitenge, na Falonne, aliyekuwa ameketi pale kwa amri ya Mwalimu, akahisi yale mapaja yanasogea chini yake, yanajiondoa, yanamwachia mkeka mtupu na maumivu yake yote kwa mara moja, akaanguka ubavu, akatambaa kuelekea mlangoni akitafuta mkono wa mtu wa kumshika, na alipogeuza kichwa akajiona mwenyewe ameketi kando ya nguzo, kitenge kilekile, kovu lilelile kidevuni, mgongo umenyooka, akitabasamu.

Rachelle akasema, "Mama." Hakuna aliyejua anamwambia nani.

Ernestine alikwenda kwanza penye nguzo. Akaubonyeza mgongo ule kwa vidole, kisha kwa ngumi. Yule aliyeketi akamtazama kwa upole na kusema, "Fanya tu, dada yangu, haiumi." Ernestine akarudi mlangoni, akamwekea Falonne kiganja kiunoni, kiganja tu, na Falonne akalia kilio ambacho hata watu wa barabarani walikisikia.

Basi ikajulikana. Msiniambie kwamba walikosea. Walijua wote.

Falonne aliwatazama mmoja mmoja akingoja. Kamaldine aliyatazama magunia. Soraya aliitazama miguu yake. Falonne akamtafuta mume wake, akamkuta anamtazama yule mwingine, mgongo ule ulionyooka, mikono ile iliyotulia, na usoni mwake mlikuwa na tamaa ya mtu mwenye njaa.

"Gédéon," akanong'ona. "Mimi ni huyu."

Gédéon akahamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine.

"Ernestine, dada yangu. Sema."

Ernestine alikuwa analia. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Alimpenda Falonne, na alikuwa amechoka naye. Alichoka kumbeba, alichoka kumsikiliza, alichoka kumfanyia sehemu yake ya kazi siku za mwanzo za ugonjwa na kumwuliza kila asubuhi umeamkaje na kupata jibu lilelile. Akapiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Unisamehe," akasema. "Mama Rachelle, toka."

Falonne hakupata muda wa kujibu. Mwanga ukakatika, ukarudi umekuwa matundu madogomadogo, maelfu, na akatambua kwamba anatazama kupitia msuko wa ungo. Alipiga kelele. Alipiga kelele mpaka koo likachanika, na huko nje hakukuwa na aliyegeuka.

Mwalimu alifunga kitabu bila kugeuka. "Mwenye kulia ndiye amebaki?" akauliza.

Ernestine akajifuta uso kwa kitenge.

"Nauliza: mwenye kulia ndiye amebaki?"

"Ndiye," alisema Ernestine.

Mwalimu akashukuru Mungu akaenda kutafuta maji ya kunawa. Na kupitia matundu yale Falonne alimwona mtoto wake anateremshwa chini, anasimama mbali, anangoja kiganja kiinuliwe. Hakikuinuliwa. Yule aliyeketi alifungua mikono.

"Mama, mugongo?"

"Hauumi, mwanangu. Njoo."

Rachelle alikimbia akamrukia kwa nguvu zote alizokuwa amezizuia msimu mzima. Gédéon akafuta machozi, ndiyo, alilia naye, akasema Mungu ni mwema. Ungo ukabebwa kifudifudi, ukazikwa katikati ya lundo, ndani kabisa, kwenye joto.

Mavuno yale yalikwisha mapema kuliko mengine yote. Siku hizi kwa Kamaldine hakuna anayelalamika kuhusu mgongo wala kuhusu moyo. Ernestine bado husalimia kila asubuhi, "Mama Rachelle, jambo!" na huitikiwa vizuri mbele yake, na mara nyingine huitikiwa pia kutoka nyuma ya ukuta, kwa kuugua. Akisikia hivyo humwaga chai yake akaanza kazi.

Mchana, wamama wakipepeta, Rachelle hucheza nje peke yake. Hupanda lundo la makapi aruke. Na kila akitaka kuruka, sauti hutoka chini ya miguu yake, ndogo, imechoka, imeungua:

"Polepole, mwanangu. Mugongo."

Mtoto husimama. Hurudi nyuma, kama alivyofundishwa, akasimama mbali kidogo akilitazama lile lundo linalofuka. Kisha hukimbia ndani kwa mama yake.