Jaruba Lililonyimwa Maji

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, fundi Nazari akiwa amebakiza sehemu mbili tu za kuchomelea. Watu wote waliokuwa na vyuma vyao katika karakana yake, nyuma ya soko la Ifakara, wakabanana kwenye benchi moja kungoja.

Levina alikaa mwisho wa benchi. Alivaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe alizozifuta vumbi mara mbili tangu afike. Mbele yake kililala kifaa chenye gurudumu la meno na mpini mrefu. Kijana aliyekuwa pembeni yake, mpana wa mabega, mwenye ovaroli ya bluu ya kampuni, alikitazama kifaa kile kwa muda mrefu.

"Dada, mtoto ana miaka mingapi?"

"Mtoto gani?"

"Mwenye hiki kibaiskeli."

Levina hakugeuka. "Hiki kinapalilia mpunga. Na hicho chako, ni mlango wa choo?"

Benchi zima lilicheka, na kijana naye akacheka. Alisema anaitwa Evod, kwamba kile chuma ni lango la mfereji, na kwamba kazi yake ni kufungua na kufunga maji katika shamba kubwa la mpunga ng'ambo ya mto. Levina naye akamweleza kilimo shadidi: miche hutolewa kitaluni ikiwa na siku kumi tu, hupandwa kwa mistari ya kamba, kila shimo mche mmoja, kwa samadi, bila dawa ya kuua magugu. Ndiyo maana ya kibaiskeli.

"Mche mmoja," alirudia Evod. "Ukifa je?"

"Haufi. Ukipewa nafasi, unazaa."

Umeme uliporudi, Evod aliomba namba ya simu. Alidai anataka tu kujua kama kibaiskeli kitafanya kazi. Nazari, aliyekwisha kuvaa miwani yake nyeusi, alisema kwamba vyuma vyake vina dhamana na hakuna haja ya kupigiana simu. Namba ilitolewa hata hivyo.

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kuingia zamu, Evod alipiga.

"Mche Mmoja, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Mlango."

Walizungumza habari za mvua, za kwaya ya kigangoni, za kuku wa mama yake Evod aliyekuwa akitaga juu ya kabati. Mara mbili Evod alikuja Mbingu, kijijini kwao Levina, kwa pikipiki, akamsalimia baba yake Levina, akanywa chai, akaonyeshwa jaruba lake, kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta. Levina alimweleza karibu kila kitu. Mambo mawili tu hakumwambia.

La kwanza lilikuwa karatasi. Mzee Fulgensi, baba yake, alikuwa na ekari tatu na mgongo uliochoka. Kampuni aliyofanyia kazi Evod ilikuwa imemletea mkataba wa kukodi ardhi ile kwa miaka kumi, waiunge na shamba lao. Levina aliomba msimu mmoja na jaruba moja la nusu ekari. Baba yake alifikiri siku tatu, kisha akamwita.

"Jaruba hilo halijawahi kunipa zaidi ya gunia tano," alisema. "Ukinipa kumi, karatasi nairudisha. Usiponipa, naitia sahihi, na wala hatutagombana."

Levina hakutaka kumweka Evod njia panda, kati yake na mwajiri wake. Akanyamaza.

La pili hakulificha. Halikuwahi tu kuingia katika mazungumzo. Katika kilimo shadidi, shamba hunyimwa maji makusudi. Huachwa likauke mpaka lianze kupasuka, ndipo linyweshwe kidogo, ili mizizi ishuke chini kuyatafuta maji yenyewe.

Siku ya kumi na mbili tangu kupandikiza, Levina na baba yake walikwenda Ifakara kwa kipaimara cha mtoto wa dada yake Levina. Jumamosi hiyohiyo Evod, akiwa ametoka zamu bila hata kuvua ovaroli, aliamua kumshtukiza. Alikuta nyumba imefungwa. Simu ya Levina haikupatikana. Akapita shambani angalau alione.

Alichokiona kilimtia baridi. Udongo ulikuwa na nyufa kama za kisigino cha mtu atembeaye pekupeku, na miche, midogo kama sindano, imesimama mmojammoja juani. Kwa miaka sita Evod alikuwa amefundishwa kitu kimoja: shamba la mpunga lililopasuka ni shamba lililokufa. Akaufungua mfereji. Alikaa ukingoni mpaka jaruba likajaa na anga ikaonekana ndani yake, akafunga, akaondoka akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa kitu. Njiani akaandika ujumbe: Nimekuachia zawadi shambani. Utaiona ukirudi.

Levina aliusoma Jumatatu asubuhi akiwa kwenye basi, simu yake ikiwa imepata chaji. Alitabasamu tangu Kibaoni mpaka Mbingu.

Walipoteremka baba yake alishika njia ya nyumbani, yeye hakupitia huko. Alifika shambani na mkoba wake, na kwa muda hakuelewa anachokitazama. Upande wa juu, ncha za miche zilichungulia kwenye maji. Upande wa chini, robo nzima ya jaruba, hapakuwa na kitu. Miche iliyong'oka ilielea kwenye kona kama takataka. Jirani aliyekuwa akipita alimwambia kwamba Jumamosi walimwona mtu wa kampuni, mwenye ovaroli, akifungua maji.

Alipiga simu akiwa amesimama kwenye tope na raba zake nyeupe.

"Nani alifungua maji?"

"Mimi," Evod alijibu kwa furaha. "Umeiona zawadi?"

"Nani alikutuma?"

"Kunituma vipi? Mama, shamba lilikuwa limekufa kiu."

"Wewe ni mtu wa maji, Evod. Usiniambie hujui maji yanafanya nini kwa mche wa siku ishirini na mbili. Kampuni yenu inangoja baba atie sahihi, na wewe unakuja kuzamisha shamba langu, kisha unaniandikia zawadi."

"Sahihi gani? Levina, sielewi."

"Usinipigie tena."

Alitoboa tuta kwa jembe, maji yakaanza kutoka. Mzee Fulgensi alikuja, akasimama, akatazama. Alihesabu tu kwa macho mistari iliyopotea, kisha akarudi nyumbani polepole.

Jioni hiyo Levina alikwenda kwa shangazi yake Fausta, kiongozi wa kikundi chao cha wakulima. Alimweleza yote, akamaliza kwa kusema kwamba mwanamume yule alitumwa. Shangazi aliendelea kupepeta mchele.

"Ulimwambia kwamba tunalikausha makusudi?"

"Hakuuliza."

"Na habari ya karatasi, ulimwambia?"

"Hapana."

"Basi umemnyima mtu maji, halafu unamlaumu kwa kwenda kuyatafuta anapojua." Akampa ungo. "Shika hapo. Mimi simtetei, sikumbuki hata sura yake. Nauliza tu."

Levina alipepeta. Alikuwa na miche ya akiba, kona moja ya kitalu, na siku chache tu kabla haijakomaa mno. Mistari iliyokufa ilikuwa mingi kuliko mikono yake. Alikata shauri kuanza kesho kutwa, tope likishikana, awe peke yake au asiwe peke yake.

Asichokijua ni kwamba Evod alikuwa tayari ameomba ruhusa ya siku tatu kazini. Alikwenda kwanza kwa Nazari, kwa kuwa Nazari aliwatengenezea vifaa wakulima wote wa kikundi, akamuuliza nani anaweza kumfundisha. Nazari alimtaja Fausta. Mama yule alimpokea Jumanne, akamsikiliza bila kumhukumu, akamfundisha uani kwake kwa kamba na vijiti mpaka mgongo wa Evod ukakataa kunyooka. Kisha akampa miche ya kitalu chake, iliyozaliwa na mbegu ileile ya mpunga wa Supa ambayo Levina naye aliirithi kwa bibi yake.

Jumatano asubuhi Levina alimkuta jarubani. Alikuwa amevua ovaroli, amekunja suruali mpaka magotini, na kamba yenye mafundo imenyooshwa mbele yake. Mistari sita ilikuwa imekamilika. Vidole vyake vinene viliushika kila mche kama mtu anayeshika kifaranga.

Hakuinuka. "Sikutumwa," alisema. "Hiyo karatasi nimeisikia kwako mara ya kwanza. Lakini miche niliiua mimi, kwa hiyo sikuja kuombwa radhi. Nimekuja kupanda."

Levina alitembea kando ya mistari, akiinama hapa na pale. Alikuwa akitafuta la kumkosoa, na akalipata.

"Hapa umeweka miwili."

"Huo wa kwanza niliuonea huruma. Peke yake pembeni pale."

"Ng'oa mmoja."

Akang'oa. Levina alivua raba, akaziweka juu ya tuta, akaingia kwenye tope upande wa pili wa kamba.

"Mimi nilipaswa kukwambia," alisema baadaye, wakiwa katikati ya mstari. "Yote mawili."

"Ulipaswa."

"Na wewe ulipaswa kuuliza kabla ya kufungua."

"Nilipaswa. Mche Mmoja, kamba yako imelegea."

Aliikaza. Jua lilipopanda Levina alimwonyesha kibaiskeli kilichosimama penye tuta, akamwambia kwamba baada ya siku kumi kinamngoja, na kwamba hakiendeshwi na mtoto. Evod alikuja siku hiyo, na kila siku yake ya mapumziko iliyofuata.

Mwezi wa sita walivuna. Kabla ya mundu kuingia, Mzee Fulgensi aling'oa shina moja, akakaa nalo kwenye tuta, akahesabu machipukizi kwa sauti ndogo. Yalikuwa arobaini na moja, kutoka mche mmoja. Akahesabu tena tangu mwanzo.

Magunia yalikuwa tisa.

Levina alisimama karibu nayo, mikono nyuma. Hakutaja maji. Evod ndiye aliyeanza kusema, "Shikamoo baba, hilo moja lililopungua ni langu mimi," na mzee akamnyamazisha kwa mkono. Alisema anajua kuhesabu, na anajua robo ya shamba ilikuwa wapi mwezi wa pili. Atafikiri.

Wiki ileile fundi Nazari alifika Mbingu amevaa koti, viatu vimepigwa rangi, akiwa mshenga wa Evod. Alitoa bahasha, akakaa, akakataa soda mara moja kama inavyopasa, kisha akainywa.

Mzee Fulgensi aliweka mezani karatasi mbili, mkataba na barua ya posa. Levina alitazama akiwa mlangoni. Baba yake alivaa miwani, akazisoma zote mbili tena, polepole, mpaka Nazari akaanza kutoka jasho ndani ya koti. Kisha akaukunja mkataba, akaurudisha kwenye bahasha yake, akampa Levina.

"Kesho uwapelekee. Waambie shamba lina mtu."

Akaivuta barua iliyobaki, akanyoosha mkono.

"Sasa nipe kalamu."